Baba Mkwe Wangu Ana Akili Zake

Bukavu, Kadutu
Mwezi huu wa mvua

Kwa mama yangu, Mama Zaina,

Jambo sana, mama. Umeamkaje? Na mgongo je, bado unakushika ukiinama kwenye kinu? Na paa la jikoni, walikuja kulifunika au bado mnahamisha sufuria kila wingu likipita? Hapa mimi, mke wangu Cibalonza na watoto ni wazima. Roho yangu tu ndiyo haina uzima, na ndiyo sababu ya barua hii. Najua Baba Sefu mwenye duka ameshafika huko Kindu, na mdomo wa Baba Sefu haujui kufungwa. Aliyokuambia kuhusu baba yake Cibalonza si kweli. Uongo ule nilimpa mimi, kwa mdomo huu huu ulioulisha.

Muzee, ndivyo tunavyomwita, analima maharagwe kule Mudaka, ukitoka mjini kwenda kaskazini. Mwaka jana miguu yake ilikufa ganzi, akalala hospitali Ibanda mpaka tukaanza kunong'onezana habari za mbao za sanduku. Akiwa kitandani, mdogo wake akafariki Kamituga kwenye machimbo ya dhahabu, wakamzika bila yeye. Wakati wa Mbelgiji hao wawili walikwenda kutafuta kazi huko pamoja, kwa miguu tangu Mudaka, wakigawana kiazi kimoja njiani. Basi Muzee akamwambia marehemu: nikisimama tena, nitakuja kukulilia kwa miguu ileile. Akasimama. Na mtu wa huku akishamwahidi maiti, mama, hata padri hawezi kumrudisha.

Patron wangu wa kazi alikuwa na katoni za kufikisha Kamituga, akanipa Land Rover ya bureau, ofisi yetu, na ruhusa ya kwenda polepole. Mwanzoni nilimfuata Muzee kwa nyuma, injini ikachemka. Tukabadilisha: mimi natangulia, nangoja penye mto au kivuli, nawasha moto, napika bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwa letu, napasha maji ya chumvi kwa ajili ya miguu yake. Miguu yenyewe sikuishika, maana ni baba mkwe. Naweka beseni chini, nageukia upande mwingine, naanza kukagua matairi ambayo hayana ubaya wowote. Nikisikia amepumua, najua ameshatumbukiza. Mpaka tulipopita Walungu nilikuwa na furaha, nakuambia kweli. Anatembea na sandali zake za tairi, koti limefungwa vifungo vyote, na kila akinikuta ananitania kwamba gari yangu ndiyo inayochoka.

Lakini watu! Kila kijiji ni kesi. Wanaona mzee mwenye mvi anapanda mlima, na kijana ameketi kwenye gari, kiti cha pembeni kitupu. "Weye citoyen, hauna haya? Muzee anatembea, kiti iko bule?" Mama mmoja alitema mate karibu na gurudumu. Kwenye barrière, pale wanapofunga njia kukagua magari, askari alimtazama Muzee, akanitazama mimi, akauliza kwa Lingala, "Asali nini?" Alidhani ni mfungwa, anataka kujua ametenda kosa gani. Muzee alicheka mpaka akashika kiuno. Mimi sikucheka. Unanijua, mama, tangu utoto naogopa kusemwa kuliko fimbo. Nilieleza habari ya ahadi mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha nikachoka kueleza.

Ndipo tukafika kwenye soko moja kabla ya Mwenga. Nilikuwa nimesimamisha gari pembeni, Muzee amefika, amekaa nyuma ya gari anakunywa maji. Watu wameshanizunguka na maneno yao. Mara nikasikia naitwa jina langu kutoka juu ya kamiyo, lori lililojaa mizigo.

"Kasongo! Mutoto ya Mama Zaina! Ni weye kabisa?"

Ni Baba Sefu, anarudi Kindu na mizigo yake, na juu ya mizigo wamama wawili wa mtaa wetu. Nilifurahi, halafu furaha ikanikauka. Watu wa soko walikuwa wameshamweleza. Akashuka, akatazama nyuma ya gari, akarudi kwangu.

"Ile iko bukwe yako? Unamutembeza na miguu sawa mbuzi ya kuuzisha? Kwetu ni nani alikufundisha hivi?"

Soko zima likacheka. Wale wamama juu ya kamiyo wakashika midomo. Mama, nilikuona wewe umekaa barazani unapelekewa habari hiyo. Nikasema haraka, bila kupima:

"Baba Sefu, musinicheke. Muzee kichwa yake inasumbua. Ni yeye anakatalaka kupanda."

Kicheko kikakatika palepale. Huruma ya watu ni kitu cha haraka sana. Wauzaji wa mihogo waliacha vitu vyao. "Masikini! Kumbe kichwa ilimupotea! Mumupandishe basi, muzee wa watu!" Wanaume wanne wakamwinua kwa upole, wamemshika kwapani na magotini. Muzee hakupigana. Alisema, "Muniachilie, baba. Niko na akili yangu. Niko naenda kulilia ndugu yangu na miguu." Nao wakamjibu, "Ndiyo, muzee, ndiyo," kwa sauti ile ya kumbembelezea mwendawazimu. Kila alilosema lilizidi kuwahakikishia. Wakamweka kwenye kiti, mmoja akamfunga kifungo cha koti kilichofunguka. Muzee akanitazama. Alikuwa anangoja neno moja tu kutoka kwangu, na neno hilo nilikuwa nalo. Nikawasha gari.

Tulikwenda mpaka soko likapotea nyuma ya kona nyingi. Kisha akasema, "Simamisha." Nikasimamisha. Hakuniuliza kwa nini. Alishuka, akageuza uso wake kule tulikotoka.

"Baba, tuendelee tu," nilimwomba. "Mungu anaona, haikuwa mapenzi yako."

"Mungu anaona," akasema. "Lakini ndugu yangu, nilimuambia miguu. Nitarudia pale walinipandishia."

Akaenda. Na mimi, mama, hapa ndipo aibu yenyewe inapokaa: sikwenda naye. Ningeweza kugeuza gari, nikasimama katikati ya soko lile na kusema, jamani, nilidanganya, mzee huyu ni mzima kuliko mimi. Nilibaki kwenye kiti nimeshika usukani wa gari lililozimwa. Nikiwa hapo kamiyo ya Baba Sefu ikapita. Alipunguza mwendo, akatoa kichwa. "Pole na mugonjwa, mutoto yangu! Tulimuona anarudia, bale batoto banamufuata. Tutaambia nyumbani bamuombee." Nikainua mkono kumshukuru.

Muzee alirejea jua likiwa chini. Alikuwa amepita katika soko lile mara mbili, kwenda na kurudi, peke yake, watoto wanamwita muchizi. Koti lake lilikuwa na maganda ya ndizi mgongoni, hakujua au hakujali. Akaketi kwenye jiwe, akavua sandali. "Leta maji," akasema. Nikaleta beseni, na siku hiyo sikuweza hata kuyakagua matairi. Nilikwenda kusimama mbali, nikalia kama mtoto.

Kuanzia hapo mpaka Kamituga hakubadilika kwangu. Alikula nilichopika, alinitania, ingawa kidogo. Nilingoja anikemee. Nilitamani anikemee, maana ukikemewa unajua kesi imekwisha. Tulipofika kaburini alipiga magoti akalia kwa Mashi, lugha yao, na Mashi yangu unaijua ni ya sokoni, lakini mengine niliyashika. Alimsimulia marehemu habari za hospitali na za maharagwe. Kisha akanionyesha kwa mkono. Alimwambia: huyu ni mukwe wetu, alinisindikiza tangu Mudaka, ananipa maji kila fasi tuliposimama. Basi. Ya sokoni hakuyataja. Mbele ya maiti wake aliyemwahidi ukweli wa miguu, alinifunika.

Kurudi alipanda gari, akalala njia nzima. Nyumbani akamwambia binti yake kwamba nilimtunza vizuri. Cibalonza akachinja kuku, akaniwekea firigisi. Nikawagawia watoto. Nilivumilia siku chache, kisha nikamweleza yote. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Na batu ya Kindu, banajua kama ulidanganya?" Nikasema hawajui. Akaleta kalamu, akaiweka mezani, akaenda kulala na watoto.

Mama, nisalimie kaka mkubwa, mwambie viatu nimevipokea. Nisalimie shangazi wa ng'ambo ya mto, na shemeji aliyejifungua; mtoto mpeni jina la baba kama mlivyopanga. Mdogo wangu wa shule ndiye najua anakusomea barua hii. Asiruke mstari hata mmoja, hata ule unaomtia haya.

Sasa nakuomba jambo zito. Muzee amesema, kwa kuwa miguu imemrudia, mwakani mvua ikiisha anataka kuja Kindu kukusalimia, maana tangu nimuoe binti yake hamjaonana uso kwa uso. Nitamjibuje, na mtaa mzima wanamngoja mwendawazimu? Waite Baba Sefu na wale wamama wawili, na majirani wote waliosikia. Wakae barazani, barua hii isomwe mbele yao mpaka mwisho. Najua utakuwa umekaa katikati yao, na kila neno litakuangukia wewe uliyenizaa. Nisamehe. Usinitetee, usiseme nilikuwa mchovu. Waambie tu ni nani aliyekosa akili siku ile. Nataka Muzee akishuka kwenye kamiyo huko kwetu, watoto wa mtaa wamkimbilie kumpokea mzigo.

Ni mimi, mtoto wako mwenye haya,
Kasongo