Bibi Kizee Aliyekuwa Hajibu Salamu

Jumamosi, jioni.

Nimevua viatu, miguu nimeitumbukiza kwenye beseni la maji moto, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi napumua vizuri. Ukungu umeshuka juu ya vilima. Nataka kuandika kabla usingizi haujanishinda.

Leo nilijitolea kwenye kambi ya matibabu ya bure, katika shule ya msingi iliyo ndani kabisa kutoka Nyamarambe. Hapa Kisii mjini mimi ni afisa wa kliniki. Kule kila aliyevaa koti jeupe ni daktari. Nilipewa darasa la chekechea na wagonjwa wa masikio na koo. Mimi ni mtu wa Homa Bay, Ekegusii changu kinaishia kwenye salamu, kwa hiyo Mwalimu Kemunto wa shule hiyo alikaa kando yangu kunitafsiria.

Katikati ya asubuhi foleni ilivunjika ghafla. Watu walijitenga, mama mmoja akamfunika mtoto wake kwa leso. Akaingia bibi kizee mwembamba mwenye fimbo. Nyuma yake, mbali kidogo, alifuata mkaza mwanawe, Moraa, na mtoto mgongoni.

"Wanasema ni mchawi," Mwalimu alininong'oneza. "Ukimsalimu hajibu, anakukazia macho tu. Mtoto wa jirani aliugua, wakasema ni yeye. Sasa kuna vijana wametishia kumchomea nyumba."

Nakiri: nilivuta kiti changu nyuma.

Kidogo tu, lakini nilikivuta.

Moraa alizungumza nami kwa Kiswahili, macho chini. "Daktari, bwana yangu anafanya kazi mbali. Hao wakija kuchoma, watatuchoma sote. Mwangalie, uniambie kama ni mgonjwa ama ni vile watu wanasema."

Nilimwita yule bibi: "Magokoro!" Nyanya. Hakugeuka. Nikapiga makofi nyuma ya kichwa chake. Hakushtuka. Nikawasha kifaa chenye taa cha kutazamia masikio, nikachungulia sikio moja, kisha la pili.

Nta. Nyeusi, ngumu, imeziba kote kuwili.

Niliogopa wakati huo kuliko mwanzo. Huenda nyuma ya nta kulikuwa na uziwi nisioweza kuutibu. Dirisha lilikuwa limejaa nyuso. Nikishindwa mbele yao, si wangesema hata daktari ameshindwa na uchawi wake?

Nilimweleza kwa ishara, akakubali kwa kichwa. Nikamtia mafuta ya uvuguvugu masikioni, nikamwacha akae huku nikihudumia wengine. Kisha nikachukua sirinji isiyo na sindano, nikaanza kumwosha sikio kwa maji ya uvuguvugu. Mara ya kwanza, maji matupu. Ya pili, vivyo hivyo. Niliendelea taratibu, na mwishowe kipande kikubwa kama haragwe kikadondoka kwenye bakuli.

Wakati huo huo mtoto wa Moraa akalia.

Bibi akageuza kichwa upesi, akasema jambo. Mwalimu alichelewa kutafsiri.

"Anauliza, ni nani huyo analia?"

Ni mjukuu wake. Alikuwa hajawahi kuisikia sauti yake.

Sikio la pili halikunisumbua. Mwalimu akamwambia kwa upole yale yaliyokuwa yakisemwa kijijini. Bibi alisikiliza, kisha akajibu polepole: "Kumbe mlikuwa mnanisalimu? Mimi nilidhani mmeamua kuninyamazia."



Akaomba lile bakuli. Nilisita, lakini lilikuwa lake. Akatoka nalo hadi mlangoni, akaliinua mbele ya foleni. Nilielewa bila kutafsiriwa, ingawa Mwalimu alinitafsiria: "Njooni muone uchawi wangu!"

Mzee mmoja aliangua kicheko, wengine wakafuata. Yule mama wa leso hakucheka. Alimkaribia, akamsalimu, akangoja. Bibi akajibu. Mama akafuta machozi kwa leso ile ile.

Bibi aliporudi kuketi, Moraa alimfungua mtoto mgongoni, akamweka mapajani mwa mama mkwe wake. "Nilikuwa namficha," aliniambia.

Je, maneno ya muda mrefu yataisha kwa siku moja? Sijui. Mwalimu ameahidi kwenda kuongea na wale vijana, pamoja na chifu. Nitampigia simu Jumatatu, na nikisikia bado kuna vitisho nitarudi mwenyewe.

Lakini usiku huu sitakosa usingizi. Tulipokuwa tunapakia dawa kwenye gari, niliwaona wakishuka njia ya kwenda kwao kati ya migomba. Asubuhi Moraa alitembea nyuma, mbali. Sasa walikuwa bega kwa bega, mtoto ameshikwa na nyanya yake. Sikuyasikia maneno yao, na hata ningeyasikia nisingeyaelewa.

Ila walikuwa wanaongea.