Kwa Nini Bwana Giza Hatoki Kwenda Vitani

Jumatatu, 4 Machi 1974
Mvua tangu asubuhi. Namenya ndizi, Lugano anadai hadithi. Nikaendelea na ile ya Bwana Giza, natunga mwenyewe. Anakaa juu ya mlima Rungwe, ndani ya wingu. Mkuki wake mrefu kuliko mgomba. Kwenda vitani hatoki. Anatuma askari tu. Lugano akauliza, kama ana nguvu hivyo mbona hatoki? Nikasema mvivu. Akanicheka. "Mvivu nani atamwogopa?" Miaka mitano tu huyu! Sasa hata mimi nataka kujua.

Jumatano, 6 Machi
Wifi Sekela katoka Kawetele na neno la baba mkwe. Lugano akakae kwake, akulie huko. Jumamosi wifi atamchukua. Baba Lugano kasema mzee akishasema, amesema.
Mtoto wangu mmoja huyu.
Tangu niolewe sijauona uso wa baba mkwe. Ndiyo mila yetu. Nikisikia anapita, najificha migombani. Namjua kwa kikohozi tu. Amri zake huja kwa midomo ya watu.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeunguza maharage kwa kuwaza. Nadhani nimejua. Bwana Giza hatoki kwa sababu akitoka ataonekana. Ule mkuki nani amewahi kuuona ukirushwa? Akijikwaa mara moja tu, askari wote wameona. Ndani ya wingu hajikwai.
Ataangushwaje basi? Labda aitwe tu.

Jumamosi, 9 Machi
Wifi kaja. Nikasema: baba akimtaka mjukuu, aje mwenyewe. Wifi kashika mdomo. "Mama Lugano, una wazimu!" Kaondoka mikono mitupu.
Baba Lugano karudi kutoka shamba la kijiji, kasikia. Kaenda kulala bila kula. Naogopa sana. Lugano kalala kifuani kwangu, hajui kitu.

Jumanne, 12 Machi
Kaja!
Kikohozi barabarani. Nikakimbilia migombani, kanga kichwani. Lugano hakunifuata. Nikamsikia.
"Babu, mkuki wako uko wapi?"
"Mkuki gani tena?"
"Mbona ulikuwa huji? Unamwogopa mama?"
Nikajua nimekwisha. Mzee akacheka mpaka kikohozi kikamshika.
"Namwogopa, ee. Mila inanifunga na mimi. Halafu nije, ninyimwe, uso wangu nitauweka wapi?"
Akaomba maji. Lugano akampelekea. Mzee akamwambia nyumba yake iko kimya tangu bibi afe, hata kuku hawalii vizuri. Sauti ya mzee wa kawaida tu. Nikalia humo migombani.
Kisha akapaza sauti. "Ninyi migomba, mwambieni mwenye mtoto. Mtoto aje Jumapili anisalimie. Jioni atarudi kwao."
Kumjibu siruhusiwi. Nikatikisa jani la mgomba. "Ndaga fijo," akasema. Asante sana. Migomba ndiyo iliyoshukuriwa.

Jumapili, 17 Machi
Mvua imekatika. Wingu limeondoka mlimani. Kumbe ni miti tu kule juu.
Lugano karudi jioni, mahindi ya kuchoma mkononi. Kamaliza hadithi mwenyewe. Bwana Giza alitoka, watu wakamwona, akaomba maji. Basi. Nikamwachia hivyohivyo.
Babu ndiye aliyemleta. Nilijificha kama kawaida. Ila leo nilitega sikio, kujua kama kikohozi kimepungua.