Maji ya Kisima cha Chini

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu sote. Natumai wewe, wifi na watoto hamjambo. Sisi huku tunapumua, Mungu ashukuriwe. Mgongo wa Mama bado unamsumbua, ila ulimi ni mzima kabisa; amekwisha nigombeza kwamba nashika kalamu wakati chai inapoa. Baba mwili anao, raha hana, na hilo ndilo lililonikalisha kukuandikia.

Siku ile ulipopulizia dawa ya magugu shamba la mahindi, lile la juu mteremkoni, ukaondoka, mvua kubwa ilinyesha. Mahindi yalistawi, na Baba hakushika jembe la palizi, kama ulivyotaka. Lakini bustani ya chini ikageuka. Maharage yalichipua vizuri, kisha majani yakawa ya njano pembeni, yakakauka kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Mchicha nao vivyo hivyo.

Baba akamtilia shaka jirani. Unamkumbuka fundi seremala tuliyempachika jina la Baba Kicheko? Yeye na Baba walikuwa chanda na pete, ila walikuwa wametoka kubishana juu ya mpaka. Baba alimfuata karakanani, mbele ya wateja, akamwambia, "Umemwaga sumu kwenye bustani yangu." Fundi aliacha randa, akajibu tu, "Mimi, rafiki yangu?" Tangu hapo hawasalimiani. Na watu hawakosi la kusema: wateja wakaanza kumkwepa, eti anayemwaga sumu bustanini kesho ataimwaga chunguni.

Mimi sikuridhika. Nilimwita mpima maji kutoka ofisi ya maji, akachukua udongo wa bustani na maji ya kisima chetu. Majibu alituletea mwenyewe, mimi na Baba. Alisema ni dawa ile ile ya shamba la juu. Mahindi huivumilia, maharage na mboga haziiwezi. Mvua iliikokota mpaka bustanini, na nyingine ikazama ardhini. Kwenye udongo wa juu, alieleza, kuna vijidudu vinavyoivunja taratibu. Lakini ikishafika kwenye maji ya chini, gizani, vijidudu ni haba, basi hukaa miaka. Hata ikivunjika, mabaki yake hubaki majini. Nikamuuliza, je, tukichemsha? Akatikisa kichwa, akasema tusiyanywe.

Alipoondoka, Baba alinishika mkono. "Mwanangu, hili lifie hapa. Kaka yako alitaka kunipumzisha. Ya fundi waache waseme, yeye ni mtu mzima, atazoea." Nilimtii, Kaka. Tukawa tunateka maji ya bomba kule barabarani, nami napita mbele ya karakana nimeinamisha uso.

Juzi nilimwona mke wa fundi akiteka maji kisimani kwao, chini zaidi ya chetu, akamnywesha mjukuu wake papo hapo. Basi, lililonileta kwenye barua hii ni hili: nimevunja neno la Baba. Niliingia karakanani nikamweleza fundi yote, nawe nikakutaja. Nilidhani atanifukuza. Alikaa juu ya ubao, akasema polepole, "Kumbe sumu niliyosingiziwa ndiyo ninayoinywa." Kisha akaniuliza kama wewe unajua. Nikasema hapana. Akasema, "Mwandikie, asije akapulizia tena."

Akachagua mbao nzuri, zile za milango, akaenda kukipigilia kisima chake kifuniko. Baba alikuwa uani, akisikia nyundo. Aliinuka akaingia ndani, na mpaka sasa hanisemeshi.

Njoo, Kaka. Visima hatuwezi kuviosha, wewe wala mimi. Njoo umshike Baba mkono, umfikishe kwa rafiki yake, kwani mimi nimeshindwa.

Wifi mpe salamu zangu, na watoto uwabusu. Mama anasema mwanzoni mwa barua nimemsingizia, yeye hagombezi mtu.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba