Mstari Nilioruka

14 Juni

Dada mpendwa,

Shikamoo. Leo nimeapa kukueleza yote, hata yale ambayo mkono unasita kuyaandika. Natumaini u mzima, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la kiwandani kimekuachia. Mimi sijambo, mama ndiye hajambo nusu.

Wiki iliyopita alikuwa akipiga pasi mashati ya wateja, pumzi zikamkatika, akaketi juu ya kapu la nguo. Miguu ilikuwa imevimba. Nikampeleka hospitali. Daktari alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, akasema anasikia mvumo kati ya mapigo. Kisha mama alilazwa ubavu, akapakwa jeli baridi, na kifaa kidogo kikapitishwa kifuani. Moyo wake ukaonekana kwenye skrini, ukicheza! Daktari alinionyesha vali, kimlango kinachopaswa kujifunga kila damu ikishapita. Cha mama hakifungi sawasawa. Damu nyingine hurudi ilikotoka, na moyo hulazimika kuisukuma upya. Mama alimwambia kuwa hata mlango wa bafu letu haufungi na tumeuzoea. Daktari alicheka, halafu akauliza mbona hakuja Machi, alipoandikiwa arudi.

Mama alijibu kwamba hakuandikiwa tarehe yoyote. Barua ya hospitali alisomewa na bintiye, na bintiye hakosei.

Dada, sikukosea. Nilikusudia. Barua ilisema nesi aliyempima mwanzo amesikia mvumo, mama arudi kupimwa tarehe ishirini Machi. Siku hiyo hiyo nilikuwa nipewe zawadi ya insha mbele ya wazazi, nami nilimtaka mama awepo. Nikamsomea salamu, nikamsomea shukrani, mstari wa tarehe nikauruka. Nilisema nitamwambia kesho. Kesho ikazaa kesho. Alikuja shuleni, akapiga makofi hadi watu wakageuka kumtazama.

Daktari amempa dawa, na anasema huenda akahitaji upasuaji, ila hatujachelewa sana. Hilo ndilo ninaloshikilia. Lakini kila anayekuja kumjulia hali, mama humlalamikia karani wa hospitali, eti alisahau kumwandikia tarehe, nami niko pale pale nakunja mashati.

Wasalimie wenzako wote unaoishi nao.

Ni mimi mdogo wako, mwenye haya.

Tafadhali nijibu mara upatapo barua hii: nimwambie mama mwenyewe sasa, moyo wake ukiwa katika hali hii, au nikungoje uje ukae karibu naye nikisema?