Mbugani Haifutwi kwa Sahihi Yangu

Kitongoji cha Mbugani,
Misigiri, Iramba,
Singida.
9 Juni 2025

Mpendwa Kaka Stefano,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima huko Kahama, pamoja na shemeji na watoto. Kifua kimepoa? Sisi tu wazima. Mtama umeingia ndani, alizeti bado tunapura.

Madhumuni ya kukuandikia ni kukuarifu kwamba kitongoji chetu kinakusudiwa kufutwa na kuunganishwa na cha jirani, kwa sababu kaya zimepungua.

Sikubaliani. Babu alikwenda kukata mkonge Tanga, baba akafuata tumbaku Tabora, wewe ukaenda machimboni, na hakuna aliyethubutu kutamka kwamba Mbugani imekwisha. Aidha, wapo wanaoingia: wafugaji watatu kutoka Shinyanga wamejenga bondeni, nao hawakuwamo katika orodha ya kaya.

Kama ujuavyo, kila kiangazi tunaikandika nyumba ya aliye mbali na kuwasha moto ndani yake, isije ikaitwa gofu. Kwa hiyo nilipokabidhiwa daftari la wakazi nikiwa mwenyekiti wa kitongoji, niliwaandika wote kumi na wanane mlio nje. Afisa mtendaji alipokuja kuhakiki akasukuma mlango wako, akakuta nyumba tupu, kisha akacheka mbele ya mkutano: "Mzee Damiani, umetuandikia panya?"

Jirani yetu Mama Sara akamjibu palepale: "Mwanangu, hao panya walipokuja kumzika mama yao walijaza mabasi mawili. Na ubwabwa wao nawe uliula!"

Watu walicheka sana. Majina yakakatwa vilevile, kwa kalamu nyekundu.

Nilitakiwa kutia sahihi kwamba tumekubali kufutwa. Nimekataa kwa maandishi, nakala tatu.

Nakiri, kaka, nilikosea kuandika kwamba unaishi hapa. Kwamba wewe ni wa hapa, hilo sitalifuta. Wafugaji nimewaandikisha, na sasa tumepungukiwa kaya moja tu kufikia idadi inayotakiwa. Uhakiki wa mwisho ni tarehe 30 Juni.

Janeth wako amehitimu ualimu na hajapangiwa kituo. Shule yetu ina walimu wawili kwa watoto mia na themanini, na kamati imeridhia afundishe kwa kujitolea. Nyumba yako ni kavu. Basi usinitumie pole. Nitumie Janeth, na godoro lake.

Asipokuja, sahihi yangu hawataipata. Wataifuta Mbugani peke yao, na watajua kwamba nilikuwapo.

Msalimie sana Mama Janeth, na Peniel na Frank. Mungu akushike mkono kila ushukapo shimoni.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na nisiyehama,

Damiani