Kwa Leonidas Msengi, Uliyebaki Kona ya Juu

Mwaka mmoja umetimia, Baba Evodia, tangu ulipotoka ibadani, ukabadilisha viatu, ukawasha pikipiki na kuniambia unakwenda kuteremka mlima Sekenke mara moja tu. Chai yako niliifunika mezani. Ilipoa.

Ulikuwa fundi wa kushona viti vya magari, na hapa Misigiri ni dereva gani hajakalia kazi ya mikono yako? Ulishona huku ukiimba pambio, tena vibaya, na ukinuka gundi mpaka kwenye kope. Mjane akileta godoro lililochanika, ulilishona kwanza, viti vya wenye mabasi vikasubiri. Mimi nilikuja juu, wewe ukacheka tu.

Lakini Jumapili ilikuwa ya mlima. Wenzako pikipiki ni ya kupakia abiria, magunia, hata mbuzi. Wewe ulizishuka kona za Sekenke na kuzipanda tena bila abiria wala mzigo. Watu walikuuliza, "Mzee Leonidas, unampeleka nani?" Ukawajibu, "Nayapeleka macho." Ulisimama kule juu, ukaitazama mbuga ya Wembere ilivyotanda chini, ukanusa breki za malori, ukageuza. Siku moja ulikwenda mpaka Kilimatinde kuona mteremko wa wenzetu, ukarudi ukiusema vibaya wiki nzima. Na kila kona ulipiga honi mbili fupi. Nilikaa nyuma yako mara nyingi, macho nimefumba, nakukemea kwa Kinyiramba, na Jumapili ikifika tena nilikuwa wa kwanza kujifunga khanga. Nilipenda, nisikudanganye.

Siku ile kuna lori lilikuwa limeharibika kona ya juu. Dereva aliweka jiwe nyuma ya tairi, akatengeneza, akaenda zake, jiwe akaliacha barabarani. Ukalikuta wewe. Wapita njia walilaza matawi ili magari yapunguze mwendo, wakakuinua, wakakupeleka hospitali, lakini ulikuwa umeshatutoka.

Kwenye ukoo wenu, mtu akifia njiani, jeneza peke yake halimfikishi nyumbani. Mtoto wake huenda pale alipoangukia, akavunja tawi, akamwita, akalibeba mpaka kaburini bila kugeuka nyuma wala kusema na mtu. Binti yetu Evodia alikwenda na baba yake mdogo, Sostenes. Waliambiwa kwa simu watafute kona yenye matawi barabarani. Wakayakuta kona ya chini, wakakuita hapo. Kumbe yale ya kona ya juu, mahali penyewe, magari yalikuwa yameshayapeperusha, na haya ya chini alilaza dereva mwingine aliyekwama, kuwaonya wenzake. Alikuwa chini ya lori lake, akatoa kichwa kuona nani anaitwa. Hatukushtuka. Tukakuzika na tawi la kona ambayo hukuwepo.

Mwezi uliopita alikuja Ignas, yule anayechunga mbuzi huko mlimani. Ndiye aliyekufunga kitambaa kichwani siku ile. Alikaa ukingoni mwa kiti.

"Shikamoo, mama. Samahani. Mzee wenu mbona hamjaja kumchukua?"

Nikamwambia tulishazika, mwaka unakaribia.

"Mlizika, sawa. Ila kila Jumapili mchana honi inalia pale kona ya juu. Mbuzi wangu wanapisha barabara wenyewe. Na pikipiki haipiti."

Sostenes ni mzee wa kanisa, unamjua mdogo wako. "Shemeji, hayo ni mambo ya giza," akasema. Nikamwambia basi twende tukayaone mchana.

Tulikwenda baada ya ibada. Jua lilikuwa kichwani, mlima umenyamaza, hata malori hakuna. Honi ikalia mara mbili, fupi. Mbuzi wakagawanyika, hawa huku na hawa kule, kisha wakageuza vichwa wote pamoja, taratibu, wakifuata kitu kinachoteremka katikati yao. Hapakuwa na kitu. Ikapita harufu ya gundi ya viti. Sostenes akavua kofia, na habari za giza hakuzitaja tena.

Niliogopa, Baba Evodia. Mume wangu mwenyewe nikakuogopa. Halafu uchungu ukanipanda. Mwaka mzima unazunguka kona hiyo hiyo ukitungoja, na sisi huku tunapika, tunakula, tunalala!

Jumapili iliyofuata Evodia alikwenda na pikipiki yako, ile uliyomfundishia. Alivunja tawi pale pale alipoonyeshwa na Ignas, akalifunga kifuani kwa khanga yangu. Akakuita. "Baba, twende nyumbani. Mwanzo tulikosea kona."

Kiti cha nyuma kikadidimia. Mimi na Sostenes tulikuwa tumepanda bodaboda nyuma yake, na niliona kwa macho yangu tairi likibonyea kama limepakia mtu mzima. Evodia akaondoa, hakugeuka. Nikaomba njia nzima asisemeshwe na mtu, maana akijibu tu, tumekupoteza tena, na nani angejua utabaki kona gani.

Tulipokaribia Misigiri, askari wa barabarani akamnyooshea mkono. Akasimama. Askari akaomba leseni, akapewa. Akamsalimia, kimya. Akauliza anatoka wapi, kimya. Akaanza kukasirika. Nilikuwa nashuka kwenye bodaboda mbio nilipomsikia anasema, "Wewe binti nakusemesha! Na huyu abiria wako mbona hana kofia ngumu?"

Evodia akauma midomo, machozi yanamtiririka. Nikamwahi askari nikamwambia, "Afande, nisamehe. Ni baba yake, tunamrudisha nyumbani. Binti haruhusiwi kusema." Askari akatazama tena kile kiti. Kisha akarudisha leseni kwa mikono miwili, akarudi nyuma mpaka kwenye majani, akatupisha.

Kaburini Evodia alilaza tawi, na kiti kikainuka taratibu. Ndipo mwanao akanigeukia. "Mama, mimi nilishika usukani tu," akasema. "Kona alikuwa anakata yeye." Akaniangukia begani, akalia kama hajawahi kulia.

Mimi sikulia hapo. Nilifurahi, nikapika, nikawapakulia watu. Ni usiku ule, nilipotaka kufunga mlango, mkono wangu ukasita kwenye komeo kama ulivyosita mwaka mzima, nikakumbuka kwamba sasa hakuna anayesubiriwa. Mwaka mzima, mume wangu, ulikuwa mtu aliyechelewa tu kurudi. Sasa umefika, na ndipo nimefiwa. Nikalisukuma komeo.

Unakumbukwa na mimi mkeo Elina, binti yako Evodia, mdogo wako Sostenes, dada yako Scola wa Itigi, wajukuu, majirani na mafundi wenzako wa Misigiri, na Ignas, ambaye tangu sasa ni ndugu yetu. Ibada ya shukrani itafanyika nyumbani, Jumapili.

Pumzika, Baba Evodia. Tutakukumbuka siku zetu zote.