Chungu cha Tilado

Kaka Kouka,

Mama hajambo, mtama tumevuna, na maktaba ya kijiji hatimaye imekwisha kujengwa. Kuta ni za udongo wetu wenyewe. Darini wamepachika vyungu vilivyokatwa vitako, ili mwanga uingie na joto litoke. Kila nyumba ilichangia kimoja. Sisi tulitoa cha marehemu mkeo, Tilado, alichokifinyanga mwenyewe. Mama aling'aka, "Chungu cha maiti huvunjwa siku ya kumaliza matanga!" Nikamwambia matanga yanamngoja mume, na mume haji.

Sasa upepo wa jangwani umeanza. Vyungu vingine vimenyamaza, lakini cha Tilado kinalia, kwa sauti ileile nyembamba aliyokuwa akiimbia kazini. Wasomaji wamehamia upande wa pili. Binti yenu Balkisa peke yake ndiye anayeketi chini ya chungu hicho, kitabu mapajani, bila kugeuza ukurasa.

Jana wazee walimtuma fundi Zida akakizibe chungu hicho kwa udongo. Alipokwisha kupanda, Balkisa akaishika ngazi.

"Shuka, baba mdogo. Usimzibe mama mdomo."

"Mwanangu, watu wanaogopa."

"Na waogope! Anamwita baba yangu. Baba akija, mama atanyamaza mwenyewe."

Zida alishuka na udongo wake mkononi. Hakuna aliyecheka.

Sikuulizi habari za mwanamke unayeishi naye huko Abidjan. Mlete ukitaka. Ila njoo ummalizie mkeo matanga yake, kaka. Mimi mwenyewe siku hizi napita njia ya nyuma, mbali na maktaba.

Mdogo wako,
Poko